Mitende ya uani Mbeya inageuka njano: tatizo ni mbolea, baridi au udongo?

#1 Mkazi wa Isyesye

Wanajukwaa, habari zenu. Naomba tuijadili miti hii ambayo siku hizi imekuwa pambo la karibu kila nyumba mpya hapa Mbeya. Uani kwangu nina mitende minne ya Kanari kando ya njia ya gari, na miti mingine miwili ya jamii ya minazi ambayo wauza miche huiita royal, iliyopandwa karibu na ukuta wa uzio. Kwenye mitende, makuti ya chini kabisa yana rangi ya ndimu pembeni, huku katikati, kando ya upongoo, pakiwa bado pamebaki kijani kibichi. Ukilishika kuti hilo na kulielekeza juani, unaona pia vidoa vidogo vya rangi ya chungwa vilivyotawanyika, na ncha zake zimekauka na kuwa kahawia. Kwenye royal iliyo jirani zaidi na ukuta hali ni tofauti: makuti ya zamani yana afya, lakini kuti jipya limetoka fupi, limejikunja, na majani yake membamba yamenyauka kabla hata hayajafunguka vizuri.

Samadi ya ng'ombe iliwekwa wakati wa kupanda, na kila msimu wa mvua huwa naongeza urea inayobaki shambani baada ya kukuzia mahindi. Maji si shida. Hoja yangu ni kwamba miti hii ni ya joto na tunailazimisha kuishi kwenye mwinuko wa mita 1,700, kwa hiyo hakuna mbolea itakayoiokoa. Anayepinga anieleze kwa sababu.

#2 Fundi Bustani

Napinga, mkuu. Mtende wa Kanari asili yake ni Visiwa vya Kanari, ambako una mazoea ya usiku wenye baridi, na unavumilia baridi kali kuliko hii ya Isyesye. Tena tusisahau kwamba jamii hii tunayo hata ya kwetu wenyewe, kwani mkindu, ule ambao ukindu wake unasukiwa mikeka, unaota kando ya mito sehemu nyingi za Tanzania. Kusema kwamba jamii yote haifai nyanda za juu ni kuionea.

Kwa maoni yangu mchawi wako ni hiyo urea. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni na haina kingine chochote. Mti unasukumwa utoe makuti mapya haraka, na ili uyalishe makuti hayo unanyonya potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye makuti ya zamani, ndiyo maana unaona njano inaanzia chini. Nimeitunza miti ya wateja wengi hapa mjini, na wale wanaorusha mbolea ya mahindi chini ya mitende yao ndio wanaonipigia simu kila mwaka kwa malalamiko hayo hayo.

#3 Baridi ya Njombe

Ndugu Fundi, nakuheshimu, ila nadhani unaidharau baridi. Hapa Njombe tupo karibu mita 2,000, na kati ya Juni na Agosti kuna asubuhi tunaamka nyasi zikiwa nyeupe kwa sakitu. Nilikuwa na royal na mitende ya Kanari katika bustani moja, zikipata mbolea moja na maji yale yale. Sakitu ilipopiga, royal ziliungua makuti yote ya juu, mitende haikutikisika. Kama mbolea ndiyo ingekuwa sababu, zote zingeonyesha dalili zinazofanana.

Kwa hiyo hoja ya mleta uzi ni ya kweli kwa royal, si ya kweli kwa mtende. Tunapaswa kuitenganisha miti hii na kuacha kuiweka yote katika kapu moja.

#4 Bibi Shamba Mstaafu

Wanangu, hamjambo. Nimesoma michango yote mitatu na naona kila mmoja ameshika kipande. Naomba tuanze kwenye jani lenyewe kabla hatujafika kwenye mfuko wa mbolea, kwa sababu kwa miti ya jamii hii swali la kwanza ni moja: dalili ipo kwenye makuti ya zamani au kwenye makuti mapya? Naitrojeni, potasiamu na magnesiamu ni virutubisho ambavyo mti unaweza kuvihamisha, hivyo vikipungua huondolewa kwenye makuti ya chini na kupelekwa juu. Manganizi, madini ya chuma na boroni havihamishiki kirahisi, hivyo vikipungua kuti jipya ndilo linaloumia.

Sasa tazameni alichoeleza Mkazi wa Isyesye. Utepe mpana wa njano pembeni mwa kuti la zamani, na katikati kubaki kijani, ni dalili inayojulikana sana ya upungufu wa magnesiamu, na mtende wa Kanari ni mmoja wa miti inayoupata kwa wepesi. Vidoa vya chungwa vinavyopitisha mwanga pamoja na ncha zilizokauka ni potasiamu. Vyote viwili vinaweza kuwapo katika mti mmoja, na kwake nadhani vipo. Lakini ile royal ya ukutani, yenye kuti jipya fupi lililonyauka, hiyo ni habari nyingine kabisa, na mimi nashuku manganizi.

Fundi, umesema vizuri kuhusu urea, lakini usiishie kumwambia aache tu. Kusimamisha naitrojeni hakurudishi potasiamu ambayo haikuwapo udongoni tangu mwanzo.

Jambo jingine, na hili nawasihi: msiyakate makuti ya njano. Potasiamu iliyobaki ndani yake bado inatumika na mti. Ukiyakata, mti unahamia kunyonya makuti yanayofuata juu yake, na unakuta njano imepanda. Kata lililokauka kabisa peke yake. Kuti lililokwisha kuwa na vidoa halirudi kuwa kijani hata ukiweka mbolea nzuri namna gani. Unasubiri hadi makuti mapya yalibadilishe, na hilo linaweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu.

#5 Fundi Bustani

Asante sana, mama. Kuhusu kukata, shida yetu ni wateja. Mwenye nyumba ana sherehe Jumamosi, anataka mti uonekane umenyolewa, ubaki na makuti machache yaliyosimama juu. Ukimwambia usikate anaona umekuja kukwepa kazi. Kanuni ninayoitumia ni kwamba kuti lolote lililo juu ya mstari wa mlalo haliguswi, hata mteja akilalamika.

Niongeze hapo tahadhari moja kwa wanaokata wenyewe: chini ya kila kuti la mtende wa Kanari, karibu na shina, majani membamba yamegeuka kuwa miiba mirefu migumu ambayo inapenya glavu za kawaida na kuacha maumivu ya siku nyingi. Vaeni glavu nzito za ngozi na miwani. Na msumeno usafishwe kwa maji ya klorini kabla ya kuhama mti hadi mti, kwani kuna ugonjwa wa ukungu wa Fuzari unaoshambulia mtende huo huo wa Kanari katika nchi nyingine, na husambazwa na misumeno. Dalili yake ya mwanzo ni kuti kukauka upande mmoja wa upongoo huku upande wa pili ukiwa bado mzima.

#6 Tanga Hadi Iringa

Kamwene wana nyanda za juu. Mimi nimekulia kwenye minazi, na sasa naishi Iringa. Nashangaa hakuna aliyetaja chumvi. Kwetu Pwani mzee mwenye shamba anaweza kuweka chumvi ya mawe chini ya mnazi, na mnazi unazaa. Mkazi wa Isyesye ajaribu chumvi kwanza kabla ya kununua dawa za gharama.

Pili, lile kuti jipya lililonyauka linanikumbusha chonga. Huyo ni mdudu mweusi mwenye pembe kichwani, anatoboa moyo wa mnazi, na kuti likifunguka unaliona limekatwa kama kwa mkasi, pande zote mbili zikilingana. Wazee walikuwa wanamtoa kwa kumchokoa tunduni na waya wenye ndoana. Anazaliana kwenye samadi na magogo yanayooza, kwa hiyo mleta uzi akague lundo lake la samadi.

#7 Mkemia Kijana

Ndugu Tanga Hadi Iringa, kuhusu chumvi una nusu ya ukweli. Mnazi wa nazi unahitaji klorini kwa kiasi kikubwa kuliko mimea mingi, na Ufilipino chumvi hutumika kweli kama mbolea ya minazi iliyo mbali na bahari. Lakini hilo ni la mnazi, na linafanyika penye mvua nyingi inayosafisha sodiamu. Mtende na royal si minazi, na kwenye ua wa Isyesye wenye miezi mirefu ya kiangazi sodiamu itabaki pale pale na kuharibu muundo wa udongo. Mbolea ya MOP yenyewe ni kloridi ya potasiamu, kwa hiyo anayeitumia anapata klorini bila kuleta sodiamu.

Kuhusu chonga, mleta uzi amesema majani yamenyauka na ni mafupi. Hakusema yamekatwa. Hizo ni dalili mbili zisizofanana.

Swali langu kwa Mkazi wa Isyesye ni hili: hiyo royal ya ukutani imepandwa mahali ambapo mafundi walikuwa wanachanganyia zege? Saruji na chokaa hupandisha pH ya udongo, yaani kipimo cha uchachu (pH ya juu ni uchachu mdogo), na pH ikipanda, manganizi na madini ya chuma yanajifunga udongoni na mizizi haiwezi kuyachukua hata kama yapo tele. Ukiona mti mmoja tu, tena ulio jirani na ukuta, ndio wenye shida kwenye kuti jipya, hapo ni pa kuchimba kwanza.

#8 Mkazi wa Isyesye

Nawashukuru wote. Nimechimba kidogo pale chini ya royal leo asubuhi. Chini ya udongo mweusi wa juu kuna tabaka la kokoto na vipande vya plasta vyenye vumbi jeupe, na vipande vingine vina ukubwa wa ngumi. Nimeona pia kwamba aliyepanda miti hii alifukia shina. Mizizi ya kwanza ipo chini sana kuliko usawa wa ardhi, na udongo umelundikwa hadi juu ya pale shina linapoanza kunenepa. Mitende ya njia ya gari haikufukiwa namna hiyo.

Chonga sikumwona, wala tundu lolote.

#9 Kamwene Gangilonga

Basi hilo la kufukia shina lisipitwe haraka hivyo. Hapa Iringa nimeona miti ya aina hii ikifa polepole kwa sababu hiyo tu, na kila mtu akilaumu mbolea. Mizizi ya jamii ya minazi huchipuka chini ya shina, mahali pamoja, na inahitaji hewa. Ukiufukia mti kwa kina, mizizi inakosa pumzi, inashindwa kuchukua chuma na manganizi, na kuti jipya linatoka dhaifu. Kwa hiyo Mkemia anaweza kulaumu saruji, na mimi nikalaumu kina, na dalili ikawa ile ile.

Kwa mti mchanga ningeung'oa na kuupanda upya juu zaidi. Kwa mkubwa, ondoa udongo uliolundikwa taratibu mpaka uione mizizi ya kwanza, na uache pale pawe na bonde dogo lisilotuamisha maji.

Halafu, wa Iringa wenzangu, tukiweka matandazo ya majani chini ya miti tukumbuke mchwa. Mwezi wa Septemba, udongo ukiwa umekauka, mchwa hupanda kwenye matandazo yaliyogusana na shina la mti mchanga. Acheni nafasi ya shibiri moja kuzunguka shina.

#10 Mzalendo wa Tukuyu

Ugonile. Nimeusoma mjadala huu kwa hamu, na nina shaka na jambo moja. Maelezo mengi ya mbolea za mitende yanayozunguka mtandaoni yametoka Florida, Marekani, na yanapendekeza mbolea ya 8-2-12 (namba za naitrojeni, fosforasi na potasiamu) yenye magnesiamu asilimia 4. Florida ni mchanga. Kwetu Rungwe udongo ni wa majivu ya volkano, mweusi, mwepesi ukiushika, na tabia yake kubwa ni kuishika fosforasi isiwafikie mimea. Nani amepima na kuona kwamba udongo wa Mbeya una upungufu wa potasiamu? Huenda tunamtibu mgonjwa wa Isyesye kwa cheti cha mgonjwa wa Miami.

Huku kwetu mvua ni nyingi mno, na shida yangu na mitende ni nyingine. Kuti jipya wakati mwingine linatoka na ncha za majani zilizopinda kama ndoana, na baada ya miezi kadhaa makuti yanayofuata yanatoka sawasawa. Nimeambiwa ni boroni inayosombwa na mvua kubwa, na mvua ikipungua mti unajirekebisha wenyewe.

Mimi sinunui chochote. Nakata migomba iliyokwisha kuzaa, naichana vipande, naitandaza chini ya mitende. Mgomba una potasiamu nyingi, na majirani wanauliza mbolea niliyotumia.

#11 Mama Parachichi

Kaka wa Tukuyu, hapo kwenye boroni naomba niingie, maana sisi wa parachichi tunaitumia sana. Watu wakishasikia boroni wanakwenda kuchukua ile iliyobaki ya parachichi na kuimwaga chini ya mti wa mapambo kwa kukadiria kwa macho. Tofauti kati ya kiasi kinachofaa na kiasi chenye sumu ni ndogo sana. Ncha za makuti zinaungua, na mtu anadhani bado imepungua, anaongeza. Kama dalili inakuja na kuondoka na mvua kama ulivyosema, iache.

#12 Kyela Moja

Poleni kwa baridi, wa juu. Huku Kyela, mita 500 hivi, mchikichi unaota hata pale usipopandwa, na hatujui kinachoitwa kuti la njano la Julai. Njooni mjifunze kwa mchikichi.

Nikirudi kwenye mada, sisi tuna maganda ya kakao. Baada ya kutoa mbegu, maganda yanabaki malundo shambani. Yana potasiamu nyingi sana, na majivu yake ni makali zaidi. Ninayaozesha kwanza kwenye lundo lililofunikwa, kisha natandaza chini ya miti ya uani. Kama mna ndugu Kyela anayepanda gari kuja Mbeya, mwagizeni gunia moja.

#13 Mkemia Kijana

Maganda yaliyooza ni mazuri. Majivu nayatilia tahadhari, kwa sababu majivu ya aina yoyote, yawe ya kakao, ya magunzi au ya kuni, yanapandisha pH. Kwenye mitende ya njia ya gari majivu kidogo yanaweza kusaidia. Chini ya ile royal yenye plasta, majivu yatazidisha kile kile kinachoizuia manganizi. Miti miwili katika ua mmoja inaweza kuhitaji matibabu yanayopingana, na hapa ndipo ushauri wa jumla unapotupotosha.

Kwa sababu hiyo hiyo, Minjingu isiwekwe hapo ukutani. Ni mbolea nzuri ya fosfeti kwa udongo wenye uchachu, ila ina chokaa ndani yake na haiyeyuki vizuri penye pH ya juu.

#14 Bibi Shamba Mstaafu

Nimefurahi kuona hoja zinakua. Mwanangu wa Tukuyu, swali lako ni zuri na ndilo tulilokuwa tukiulizana kazini: cheti ni cha nani? Mchanganyiko wa Florida ulitengenezwa kwa mchanga unaovuja virutubisho, na kiwango chake ni kama gramu 75 kwa kila mita ya mraba kila baada ya miezi mitatu. Sisemi kiigwe. Ninachokichukua kutoka kwake ni uwiano: potasiamu iwe zaidi ya naitrojeni, magnesiamu iwepo, fosforasi iwe ndogo. Kwa udongo unaoishika fosforasi kama wa Rungwe unaweza kubishana nami kuhusu hiyo ya mwisho. Lakini dalili za kwenye kuti hazitegemei Florida. Utepe wa njano pembeni ni upungufu wa magnesiamu popote pale mtende ulipo.

Na kuna mtego ambao hakuna aliyeutaja. Ukiweka potasiamu nyingi bila magnesiamu, potasiamu inaishinda magnesiamu kwenye mizizi na unautengeneza upungufu wenyewe kwa mkono wako. Kwa hiyo anayetandaza migomba, maganda ya kakao au MOP mwaka baada ya mwaka, aangalie makuti ya chini yasianze kupata ule utepe wa ndimu. Salfeti ya magnesiamu ndiyo ya kuongezea.

Mbolea itandazwe chini ya kivuli chote cha makuti, isirundikwe shinani. Shina la jamii hii halina tabaka la kuponya jeraha. Ukiliunguza kwa mbolea, au ukipigilia msumari wa kufungia taa za sherehe, jeraha hilo litabaki hapo maisha yote ya mti.

#15 Baridi ya Njombe

Mama, nakubaliana na mengi, lakini naona baridi inasukumwa nje ya mlango tena. Manganizi mnayoisema inaweza kuwapo udongoni, pH ikawa sawa, kina kikawa sawa, na mti ukashindwa kuichukua kwa sababu udongo una baridi na mizizi imelala. Kwenye minazi jambo hilo limekwisha kuelezwa: kuti linalotengenezwa wakati wa baridi linatoka na dalili za upungufu wa manganizi, na joto likirudi makuti yanakuwa mazima. Mkazi wa Isyesye atuambie kuti hilo bovu lilichomoza mwezi gani. Kama lilikuwa likitengenezwa ndani ya mti kati ya Juni na Agosti, msiharakishe kuihukumu saruji.

#16 Mkazi wa Isyesye

Lilichomoza Septemba. Ila royal ya pili, iliyo hatua chache kutoka ukutani, imepitia baridi ile ile na kuti lake la Septemba ni zima.

#17 Mkemia Kijana

Hapo nadhani baridi inabaki na hoja dhaifu.

#18 Baridi ya Njombe

Si dhaifu. Mti wenye mizizi iliyofukiwa ndio unaoumizwa zaidi na baridi, kwa sababu mizizi yake ilikuwa taabani kabla baridi haijaja. Kamwene Gangilonga anaweza kuniunga mkono.

#19 Kamwene Gangilonga

Nakuunga mkono nusu. Kina kwanza, baridi baadaye.

#20 Fundi Bustani

Wakati wakubwa wanaendelea kupimana, niseme la vitendo. MOP na salfeti ya magnesiamu unaweza kuziulizia katika maduka ya pembejeo, hasa yanayohudumia wakulima wa nyanya, viazi na parachichi. Hakikisha mfuko una lebo kamili na haujafunguliwa, kwani mbolea za kupima kwa kilo kwenye ndoo huwezi kujua zina nini.

Muda wa kuweka kwa Mbeya ni mvua zikishashika, Novemba mwishoni au Desemba, kisha Februari, na mara ya mwisho Aprili udongo ukiwa bado una unyevu. Mei hadi Agosti sipendekezi. Mizizi hainyonyi, na mbolea inakaa pale ikisubiri kusombwa.

#21 Mzalendo wa Tukuyu

Ratiba hiyo ni ya Mbeya mjini na Iringa. Kwetu Aprili ndiyo mwezi wa mvua inayobomoa barabara, ukiweka mbolea leo kesho ipo mtoni. Huku tunaweka kidogo kidogo, na matandazo yanafanya kazi iliyobaki.

#22 Mkazi wa Isyesye

Nimeamua kuchimba pale ukutani na kutoa plasta yote ninayoweza kuifikia bila kukata mizizi, kisha niushushe udongo uliofukia shina. Urea haiendi tena chini ya miti hii. Kuhusu mitende ya njia ya gari, nataka kupima udongo kabla ya kununua MOP. Je, sampuli inachukuliwaje, na inapelekwa wapi?

#23 Mkemia Kijana

TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, ipo jirani yako kabisa, waulize kuhusu upimaji wa udongo, na SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, wana maabara pia. Chukua sampuli mbili zinazojitegemea, moja ya njia ya gari na moja ya ukutani, usizichanganye hata kidogo. Kwa kila moja, chimba sehemu kadhaa chini ya kivuli cha makuti, kina cha sentimita 20 hadi 30, baada ya kuondoa majani na matandazo juu. Changanya udongo wa sehemu hizo katika ndoo safi ya plastiki ambayo haijawahi kubeba mbolea, anika kivulini, kisha chota kama nusu kilo hadi kilo moja uweke kwenye mfuko wenye jina la mahali na tarehe. Omba wakupimie pH, potasiamu, magnesiamu na kalsiamu. Manganizi uliza kama wanaipima.

#24 Bibi Shamba Mstaafu

Na usichukue sampuli mahali ulipomwaga urea msimu huu, mwanangu, itakupa majibu ya mfuko badala ya majibu ya udongo. Majibu yakitoka tuwekee hapa, pamoja na picha ya kuti la chini kabisa na kuti jipya kabisa la kila mti.

#25 Tanga Hadi Iringa

Na picha ya lundo la samadi. Suala la chonga mimi bado sijalifunga.